Dada, Saa Sifuri Yako Ni ya Kweli?

Juzi dada mmoja wa shahada ya uzamili kaniuliza inboksi mbona protini zake za ukungu-ute "zinatokea kabla ya wakati". Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo lilinila miezi minne.

Nilikuwa Ujerumani nikifuga ukungu-ute huo huo, Dictyostelium discoideum. Akishiba ni amiba tu, kila mmoja na hamsini zake. Njaa ikiingia wanaitana kwa mapigo ya cAMP (kemikali ya ishara), kila dakika sita hivi, wanakusanyika kwa maelfu, wanakuwa koa mdogo anayefuata mwanga. Ndani ya saa 24 wamesimamisha bua lenye kifundo cha spora juu. Kama mmoja kati ya watano hufa ili awe bua (miezi ile nilijiona ndiye mimi).

Kila hatua ina jeni zake. Ya protini iitwayo diskoidini huamka mapema. gp80, protini inayoshikanisha seli, hujaa kwenye saa ya 8, yaani saa nane za njaa, si saa nane mchana. Jeni cotB ya ganda la spora husubiri kichuguu kiumbike, yaani rundo la seli zilizokusanyika; jeni spiA, ya spora pia, huja mwishoni kabisa.

Basi Ijumaa moja niliacha chupa ya amiba na chakula chao ikitikiswa, nikaenda harusini. Jumatatu nikawaosha amiba, nikawanyima chakula, nikaandika "saa sifuri", yaani mwanzo wa njaa. Diskoidini ikawaka hapohapo! Msimamizi akasema mbele ya wenzangu kwamba nimechanganya mirija. Sikuchanganya. Mpaka leo linaniuma.

Amiba wakisongamana huhisi protini wanayoitoa wao wenyewe, wakaanza kujiandaa kwa njaa hata chakula kingalipo. Saa sifuri yangu ilikuwa imeshapita tangu Jumapili huko. Niliporudia na seli changa zisizosongamana, milioni 1 kwa mililita, kila kitu kilikaa mahali pake. Pole sikupewa.

Kwa hiyo ndugu zangu, hesabuni seli. Kabla ya kuchota sampuli tazameni kwenye hadubini: ni vijito (misururu ya seli zinazokusanyika), kichuguu au koa? Pigeni picha. Kisha hesabuni seli tena. Vijana mnapenda mashine za bei mbaya, kuhesabu mnaona kazi ya kitoto!

Na wewe dada, usinunue antibodi mpya kwanza. Niambie: Ijumaa uliiacha chupa na seli ngapi?