Nguo zimevunda na sendofu ni Jumamosi

Wiki hizi mvua zimekolea hapa Mwanza na meseji nyingi mlizonitumia ni za kitu kimoja, nguo kunuka uvundo kabatini. Nimechagua nne, ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu humo ndo mmejaa wengi wenu.

*Dada shikamoo. Nakaa Igogo kule juu kwenye mawe, ukuta wa nyuma wa chumba chetu umeegemea jiwe kabisa, mvua ikinyesha maji yanachuruzika nyuma yake mpaka rangi imebanduka. Juzi nimefungua sanduku nitoe suti ya mume wangu na gauni langu la kitenge, mdogo wangu ana sendofu Jumamosi, loo, ile harufu ikanipiga puani. Suti si ya kufua, ni ya drai klina na hela hiyo kwa sasa haipo, na gauni lina shanga kifua kizima fundi kasema nisiliingize majini. Nikapuliza pafyumu ndo ikawa mbaya zaidi. Nifanyeje? Mama Wawili*

Marahaba mama, pole sana, na hongera kwa sendofu. Muda bado upo, ila pafyumu iweke pembeni kwanza. Harufu ya uvundo inatoka kwa wadudu wadogo wasioonekana, kuvu na bakteria, wanaokaa kwenye uzi wa nguo yenye unyevu na kula jasho na mafuta ya ngozi yaliyobaki humo, wakishakula wanaachia ile harufu. Watafiti wa Japani mwaka 2012 walimtaja mmoja wao, bakteria anayeitwa Moraxella osloensis, kwamba ndiye anayehusika sana na ile harufu ya nguo iliyokauka nusunusu. Sasa ukipuliza pafyumu juu yake unakuwa umeongeza harufu ya pili tu na umelowesha nguo tena kidogo, yule wa kwanza hujamgusa. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutoa unyevu, harufu tutaigusa baadaye.

Anza na suti. Itoe sandukuni, ingiza mkono ndani ya koti mpaka begani, bonyeza ile pedi ya bega kati ya vidole viwili. Ukisikia ubaridi, kama umeshika kitambaa kilichotoka kwenye friji, hapo pana maji bado hata kama nje nguo inaonekana kavu kabisa. Sehemu nyingine za kushika ni kwapani kwenye mshono, kola kwa chini, na ndani ya mifuko. Geuza mifuko yote itoke nje, watu wengi wanasahau mifuko na suti inarudi kunuka siku hiyo hiyo mtu akishavaa na mwili ukapata joto.

Halafu itundike nje. Usiitoe alfajiri, hewa ya asubuhi huku ziwani bado nzito na mawe yenyewe yanakuwa na umande, subiri mpaka saa nne hivi jua likishachangamka na upepo wa ziwa ukianza kupanda, uiache mpaka saa tisa au kumi, uiingize kabla hewa haijapoa. Geuza ndani nje, kwanza ili jua liingie penye uvundo, pili ili rangi isipauke, maana suti nyeusi na kitenge vyote jua kali linavila rangi. Na najua sisi wa Mwanza tumezoea kutandaza nguo juu ya jiwe, kwa mashuka na madera sina neno kabisa, jiwe likishika moto linakausha haraka kuliko kamba, lakini suti usiilaze juu ya jiwe, upande wa chini haupati hewa na utakuta umekauka mmoja tu. Kamba na henga, nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo.

Mvua ikikataa kukata, tundika ndani, fungua mlango na dirisha, elekeza feni kwenye nguo usiku kucha. Inafanya kazi vizuri kuliko mtu anavyodhani kwa sababu kinachokausha hasa ni hewa inayotembea. Ila nakuomba sana mama, usifunge mlango ukaweka jiko la mkaa ndani ili nguo zikauke. Najua watu wanafanya hivyo msimu huu, moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi na inaua mtu akiwa amelala, mna watoto wawili humo ndani.

Nguo ikishakuwa kavu kabisa ndo uiguse harufu iliyobaki. Chukua siki nyeupe, ile ya chupa ya plastiki ya dukani, kipimo kimoja cha siki kwa viwili vya maji, tia kwenye chupa ya kupulizia, pulizia ukungu mwepesi tu upande wa ndani, kwapani na kwenye kola, usiloweshe, kisha rudisha kwenye upepo. Harufu ya siki inaondoka yenyewe ikikauka na inaondoka na sehemu kubwa ya uvundo. Kama una spiriti ya duka la dawa nayo ni nzuri kwa suti kwa sababu inakauka upesi, lakini inashika moto, ukipulizia uwe mbali na jiko na usipige pasi mpaka ikauke. Na iwe siki au spiriti, jaribu kwanza kwenye pindo la ndani usubiri likauke uone kama rangi inatoka. Kitu kimoja msisahau, siki na jiki havikutani hata siku moja, vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Gauni la shanga mimi nisingelipulizia chochote. Lipeperushe siku mbili, halafu usiku liweke kwenye mfuko mkubwa pamoja na soksi safi uliyotia vijiko vinne vya bekingi soda na kuifunga fundo, funga mfuko, asubuhi litoe ulikung'ute nje. Iwe bekingi soda, si bekingi pauda wala magadi ya kuivishia maharage, hayo ni makali yanaharibu kitambaa. Mwaka juzi mama mdogo alikuja kutoka Ukerewe na vitenge vyake vimefungwa kwenye nailoni, mawimbi yalirusha maji kwenye boti na mzigo ukakaa hivyo siku tatu kabla hatujaufungua, tulivirudisha vyote kwa upepo na soksi ya soda isipokuwa kimoja, hicho kilikuwa tayari na madoadoa meusi. Ukiona madoadoa ya namna hiyo kwenye gauni lako ujue kuvu imeshaota mizizi, hapo hakuna njia ya bila kufua, mpelekee fundi ashauri namna ya kulisafisha.

Udi unaruhusiwa, fukiza Ijumaa jioni, kwenye nguo kavu. Ukifukiza nguo yenye unyevu unapata uvundo wenye udi.

Na sanduku lisirudi pale ukutani. Livute mbele, weka matofali mawili chini, ndani weka vipande vya mkaa visivyowashwa ndani ya kitambaa cha pamba, mkaa unavuta unyevu na harufu, kila baada ya wiki tatu nne uutoe uuanike juani. Nguo za pasi ziache zipoe kabisa kabla ya kukunja.

*Dada mambo, mimi nauza mitumba Mlango Mmoja, safari hii belo la makoti nililofungua lina harufu nzito ya stoo, wateja wanashika wananusa wanaacha. Kufua makoti zaidi ya mia siwezi. Kaka wa Makoti*

Poa kaka. Makoti yalibanwa kwenye belo miezi, hayajapata hewa, mengine yalifungwa na unyevu wake. Kosa ninaloliona kwa wafanyabiashara wengi ni kunyunyizia maji na kupiga pasi haraka yaende mezani, yananyooka kweli lakini harufu inarudi kwa mvuke, mteja akilivaa tu anaisikia. Yatundike yote siku mbili kwenye henga kabla ya kuuza, zipu wazi, mifuko nje, kola imesimama. Yale ya sufu na ya manyoya yapige kwa fimbo laini kama unavyopiga zulia, nje, na ufunge kitambaa puani maana vumbi la kuvu linaamsha pumu. Yaliyobaki na harufu yapange kwenye gunia safi na soksi za soda kama nilivyomwambia mama hapo juu, usiku mmoja au miwili. Yenye madoa ya kuvu yatenge, yasichanganyike na mengine, yanaambukiza. Na mteja mwambie ukweli kwamba akifika nyumbani afue kabla ya kuvaa, hii unayofanya wewe ni ya kuondoa harufu tu, kwa ngozi ya mtu haitoshi.

*Dada, mimi na wenzangu tunauza dagaa na kayabo pale mwaloni Kirumba. Sweta ninalovaa alfajiri linanuka samaki hata kwenye daladala watu wanasogea. Nilijaribu soda ya unga haikusaidia. Dada wa Dagaa*

Pole mdogo wangu, na hilo la watu kusogea linauma, na wanaokula samaki wako ni hao hao. Soda imekataa kwa sababu ya asili ya harufu yenyewe. Samaki akianza kuharibika anatoa vitu vya jamii ya amonia, hivyo vina tabia ya kimagadi, na soda nayo ni ya upande huo huo, haiwezi kuvizima. Kinachovizima ni uchachu. Kwa hiyo wewe tumia siki na maji, nusu kwa nusu, au kamua ndimu mbili kwenye kikombe cha maji uchuje, pulizia sweta mikononi na tumboni pale ndoo inapoegemea, tundika kwenye upepo mpaka likauke. Ndimu ukitumia usilianike jua kali kama lina rangi nzito, linaweza kuacha baka. Ila dagaa ana mafuta, na mafuta yakiingia kwenye uzi yanachacha, hayo hayatoki kwa kupulizia, ni sabuni tu. Siki itakusogeza siku mbili tatu kati ya kufua na kufua. Mimi ningekushauri utafute koti jepesi la kazi la kuvaa juu ya sweta, ulivue palepale mwaloni ulifunge kwenye mfuko wake, sweta ubaki nalo la kupandia daladala.

*Shikamoo dada. Nina mimba ya miezi minane, mama mkwe kanipa nguo za mtoto alizotunza na vile vidonge vyeupe vya naftalini, zinanukia kabatini. Nizianike tu inatosha? Mjamzito wa Buhongwa*

Marahaba mama, hapana, kwa mtoto mchanga kuanika peke yake hakutoshi na kwako wewe jibu ni kufua. Naftalini inaingia mwilini kupitia ngozi na pumzi, na kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ni jambo la kawaida kwenye maeneo yenye malaria kama yetu, kwao naftalini inaweza kupasua chembe nyekundu za damu mtoto akapata manjano kali na kuishiwa damu. Huwezi kujua kwa kumtazama. Zitoe vidonge vyote, zianike siku kadhaa mpaka pua yako isisikie kitu, halafu fua kwa sabuni ya kawaida, suuza mara mbili, anika tena juani. Blanketi pia, mtoto analifunika mpaka puani. Mama mkwe mshukuru kwa kuzitunza, umweleze taratibu, na kabatini kwa mtoto mbadilishieni muweke ule mkaa kwenye kitambaa.