Mpwa wangu na video za siasa kali

SWALI: Mpwa wangu wa miaka 19 anashinda kwenye video za wahubiri wa siasa kali. Nimtumie zipi za kumrudisha? Mjomba, Likoni

JIBU: Mjomba, usimrushie video za kumpinga, atazitafutia majibu na kuzidi kujikita. Anza na alichopenda zamani, iwe mpira au ufundi wa pikipiki: moja kwa wiki, dakika 10 hivi, mkiitazama pamoja. Ushuhuda wa waliotoroka al-Shabaab, wanaoeleza ahadi za mshahara zilivyoyeyuka, uje baadaye sana. Akiridhia, futeni historia ya YouTube na mzime uchezaji wa kujiendesha (autoplay, video inayofuata kuanza yenyewe), la sivyo atapendekezewa yale yale. Akianza kuaga watu au kutaja safari ya Somalia, video hazifai tena: mwone sheikh mnayemwamini siku hiyo hiyo.