Windows 10 Yako Bado Inawaka, Ila Hailindwi Tena

Nina steshenari ndogo hapa Moshi, mwendo wa dakika chache kutoka stendi kuu. Kazi zetu mnazijua: kutoa kopi, kuchapa barua, kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi. Kwa siku moja flashi ishirini za watu tofauti zinaweza kupita kwenye mashine moja.

Mwaka 2021 mashine ya kaunta ilikuwa bado na Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya usalama 14 Januari 2020. Nilijua hilo. Lakini ilikuwa nyepesi, printa haisumbui, nikaona ya nini kujihangaisha. Asubuhi moja nawasha, nakuta kila faili limeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina, halifunguki, na ujumbe unadai dola ili yafunguliwe. Humo ndimo zilimokuwa hesabu za kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu, miaka mitatu ya hisa na marejesho.

Nikampigia mhazini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona sauti hiyo?" Nilipomweleza akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Daftari ninalo." Kumbe hakuwahi kuacha kuandika kwa mkono. Tulikaa sebuleni kwake jioni tisa, yeye anasoma, mimi naingiza. Dola sikulipa. Nyaraka za wateja wengine hazijarudi hadi leo, na bado zinaniuma.

Sasa zamu imefika kwa Windows 10, iliyotoka Julai 2015 na kufikia mwisho wake 14 Oktoba 2025. Wateja wananiambia, "Mbona yangu inafanya kazi vizuri tu?" Ni kweli, haizimiki. Hatari yake haionekani kwa macho. Windows 10 na 11 zimejengwa kwa sehemu nyingi zinazofanana. Mwanya ukizibwa kwenye 11, wahalifu hulichambua lile sasisho, wakajua mwanya ulikuwa wapi, kisha wakautafuta kwenye mashine ambazo hazikuzibwa. Mwaka 2017 kiraka, yaani sasisho la kuziba mwanya wa Windows, kilitolewa Machi; ilipofika Mei kirusi cha WannaCry kikapitia mwanya uleule na kukwamisha hadi hospitali za Uingereza. Miezi miwili tu. Najua wengi wetu tunazima masasisho kwa kuogopa yatamaliza bando. Mimi siku hizi nanunua bando la usiku, naacha mashine ijisasishe nikiwa nimelala.

Anza kwa kuijua mashine yako. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua huku zina stika au maandishi kama i5-6300U. Ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi cha prosesa. Kwa Intel, Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kitu kiitwacho TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya mashine. Fundi anaweza kukulazimishia Windows 11 kwenye mashine ya zamani, lakini Microsoft hawakuhakikishii masasisho, kwa hiyo kwa mashine ya kazi sishauri.

Kama haifikii, kuna nyongeza ya muda wa masasisho ya usalama ya Windows 10. Hakikisha toleo lako ni 22H2 (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver), kisha ufungue ukurasa wa Windows Update ujiandikishe kwa akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi chochote. Ukikataa, ni dola 30 mara moja. Utalindwa hadi 13 Oktoba 2026. Usimpe mtu hela ya "ufunguo" mtaani, na Windows ya kuchakachua achana nayo kabisa.

Laptopu yangu ya nyumbani niliiandikisha hivyo. Ile ya kaunta nimeiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kompyuta unaokaa mahali pa Windows, haiuzwi, ni ya bure. Printa ilinichukua jioni nzima kukubali, na majedwali ya Word wakati mwingine yanapanda juu kidogo, kwa hiyo nakagua kabla ya kuprinti. Lakini nafuu niliyoipata kwenye flashi ni kubwa. Unaijua ile flashi ambayo folda zote zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo pembeni? Kwenye Windows ukibofya kimoja, umemwalika kirusi. Kwenye Mint hakiwaki, na folda halisi zilizofichwa mara nyingi naziona hapo hapo, namnakilia mteja kazi yake.

Mambo ya benki na kodi sifanyi tena kwenye mashine inayopokea flashi, hata siku mteja akiwa na haraka. Nakala za mafaili ziko kwenye diski ya nje, naichomeka Ijumaa jioni, nanakili, naichomoa. Usiiache imechomekwa, maana kirusi cha kufunga mafaili kitaifunga nayo.

Hesabu za kikoba nazo zimo kwenye diski hiyo. Mhazini haniulizi kitu kuhusu diski. Anakuja na daftari lake chini ya kwapa, ananisomea mstari kwa mstari, nami nahakikisha tarakimu zinalingana.