Uliza Shangazi wa Jikoni: Skonzi zinazopasuka na mafuta yanayokimbia

Mwezi huu barua zenu zimegombania jambo moja: vitafunio vya asubuhi vyenye kitu ndani, bila yai, bila maziwa, bila siagi ya ng'ombe. Wengine ni Wasabato, wengine watoto wao hutoka upele wakionja yai, na wawili wameniambia wazi kwamba bei ya mayai ndiyo imewafanya vegani, yaani wasiotumia chochote kitokacho kwa mnyama. Sawa tu, unga hauulizi sababu. Nimezisoma zote barazani kwangu hapa Nyalenda, na hizi ndizo nilizoona zinafaa kujibiwa mbele ya watu.

*Hujambo Shangazi. Niko Nyamira, nina watoto 3. Nyumbani tuliacha nyama, mayai na maziwa miaka 2 iliyopita. Kila Ijumaa naoka skonzi za kujaza viazi vitamu ili Sabato asubuhi nisiwashe moto. Zinapasuka juu, viazi vinamwagika, na ukiikata moja unakuta unga wa ndani umeshikana kama haujaiva. Ikifika asubuhi zimekuwa ngumu. Nimeongeza hamira, wapi. Ni kwa sababu sina yai?*

Mama, yai limesingiziwa. Mama yangu alikaanga maandazi ya kuuza pale Kondele miaka mingi na sikumwona hata siku moja akivunja yai. Unga, sukari, hamira, chumvi, maji ya vuguvugu, basi. Angetumia mayai, faida yote ingemrudia kuku.

Adui yako ni maji. Najua kwa sababu yalinipiga mimi kwanza. Nilipoacha kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate na kuanza kuoka kwa oda, nilipewa skonzi 60 za mkutano wa kanisa. Nikachemsha viazi, nikamenya, nikaponda, nikajaza vikiwa bado vinafuka moshi kwa sababu gari lilikuwa linakuja saa 1. Skonzi 41 zilipasuka. Nazikumbuka kwa hesabu maana nilikuwa nazipanga huku nalia.

Kiazi kikichemshwa kinakunywa maji. Ukikifungia ndani ya unga na kukitia kwenye joto, maji yale yanakuwa mvuke, na mvuke lazima utafute njia. Ukipata mshono dhaifu, unapasua. Usipopata, unabaki ndani ukilowesha unga, ndipo unaona ule ukuta mbichi unaonata meno. Hamira zaidi haisaidii kitu hapo, inakupa tu skonzi inayonuka pombe.

Kwa hiyo anza na kiazi chenyewe. Sokoni utakuta vile vya ndani rangi ya chungwa, ambavyo watu wa afya wanatuhimiza tule, na ni kweli vina vitamini A kwa wingi. Lakini vina maji mengi kuliko vyeupe. Kwa uji wa mtoto chukua vya chungwa. Kwa kujaza skonzi, chukua vile vya ganda jekundu na ndani yeupe, vinavyokauka mpaka vinakukwama kooni usipokuwa na chai. Kama umepata vya chungwa tu, usivitupe, utavikausha zaidi.

Usivichemshe. Vichome kwenye jivu la moto au vipike kwa mvuke na maganda yake, polepole. Kiazi kinachoiva taratibu kinageuza wanga wake kuwa sukari, kwa hiyo utaokoa hata vijiko vya sukari. Menya, ponda, kisha rudisha kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo na ukoroge mpaka viache kushika pembeni. Mimi huongeza vijiko 3 vya njugu karanga zilizosagwa na simsim, chumvi ya kubana kwa vidole, na iliki ukipenda. Kujua kama umefika: chota kijiko kimoja, kigeuze juu chini. Mjazo ukidondoka, rudisha motoni. Halafu acha upoe kabisa, mama, kabisa. Mjazo wa moto unaua hamira iliyo karibu nao na kuyeyusha unga kabla ya wakati.

Sasa ule ugumu wa asubuhi. Hapa ndipo watu husema maziwa na siagi hulainisha, na hawajakosea, lakini kuna njia nyingine ambayo sisi tunaoshinda na mwiko mkononi tungepaswa kuijua mapema: uji. Toa vijiko 3 vya chakula kwenye gramu 500 za unga wa ngano, vikoroge na nusu kikombe cha maji (mililita 125) kwenye moto mpaka uwe uji mzito unaoacha njia ya mwiko. Upoe. Unga uliopikwa hivyo unashika maji mengi na hauyaachii haraka, na skonzi inabaki laini mpaka kesho yake na keshokutwa. Changanya uji huo na unga uliobaki, vijiko 4 vya sukari, vijiko 2 vya chai vya hamira ya punje, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vijiko 3 vya mafuta ya kupikia, na maji ya vuguvugu kama mililita 170. Usiyamwage yote kwa pamoja. Unga wa pakiti hii si unga wa pakiti ile, na ukinunua ule wa kujiumua wenyewe umeharibu mambo, chukua wa kawaida. Kanda dakika 10 za kweli, zile za jasho.

Nyamira kuna baridi. Mimi hapa Kisumu unga wangu huumuka kwa saa moja, wako unaweza kutaka mbili. Usiutazame kwa saa, utazame kwa macho: uwe umeongezeka maradufu.

Gawa madonge 12. Ukisukuma kila donge, acha katikati pawe panene na kingo ziwe nyembamba, maana kingo zote zitakutana mahali pamoja ukifunga, na usipofanya hivyo utakuwa na bonge la unga upande mmoja na ngozi ya kitunguu upande wa pili. Weka kijiko kimoja cha mjazo, kisichovimba. Kingo zisiguswe na mafuta wala mjazo, hazitashikana. Bana kwa vidole, zungusha, laza mshono chini. Ziumuke tena dakika 30 hivi, na ukitaka kuwa salama zaidi, toboa kila moja juu kwa njiti mara moja kabla ya kuoka. Oveni iwe nyuzi 180, dakika 20 hadi 25.

Kama unaokea kwenye jiko la mkaa kwa sufuria, weka mchanga chini, upashe moto vizuri, sahani ya skonzi juu ya mchanga, kisha makaa mengi kwenye kifuniko na machache chini. Watu hufanya kinyume na kuziunguza chini. Zikitoka, ziache wazi zipoe kabla hujazifunika kwa kitambaa. Ukizifunika na joto utaamka zimelowa. Na jua la Ijumaa linazama, Sabato ikaanza, kabla ya saa 1 jioni, kwa hiyo ukande unga saa 7 mchana, si saa 10.

*Shangazi, habari ya kazi? Mimi ni kijana, naishi Milimani, Kisumu. Nimejaribu kroasanti, ile mikate ya Kifaransa ya matabaka, kwa mafuta ya nazi badala ya siagi, mara 3. Kila nikikunja, mafuta yanatoka pembeni, na mwishoni napata mkate wa mafuta. Dada yangu yuko Nakuru, ametumia maelezo yale yale na zake zimetoka na matabaka. Ananicheka kwenye simu. Anatumia nini ambacho situmii?*

Anatumia Nakuru, mwanangu. Yeye yuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, wewe uko mita 1,130 ukingoni mwa ziwa, na kadiri unavyopanda juu ndivyo baridi inavyozidi. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi 24. Jikoni kwako saa 6 mchana ni nyuzi 29 au 30. Yaani hukunji mafuta, unakunja supu. Matabaka hutokea pale mafuta yanapobaki kama karatasi kati ya unga na unga mpaka yaingie ovenini; yakiyeyuka mapema yananyweka na hadithi inaishia hapo. Hata siagi ya ng'ombe ingekulegea kwa joto hilo.

Ukiwa na kichwa kigumu, na kwa mara ya tatu naona unacho, acha mafuta ya nazi, chukua mafuta magumu ya mimea ya kopo. Yagandishe, yakwaruze kwa kikwaruzo cha karoti juu ya unga uliosukumwa, kunja mara 3, rudisha kwenye friji dakika 30, kisha rudia mara 2. Fanya saa 10 alfajiri, kabla bati halijaanza kupata joto. Unga ukianza kung'aa mikononi, simama hapo hapo, rudisha kwenye friji. Usijaribu kuwahi.

Lakini ungekuwa mtoto wangu ningekuambia uachane na Ufaransa. Wewe tayari unajua matabaka, umeyala tangu ukiwa mdogo: chapati. Pasha vijiko 4 vya mafuta ya kawaida, mimina juu ya vijiko 6 vya unga, koroga upate rojo zito. Sukuma unga wako wa chapati mwembamba, paka rojo hilo, viringisha kama mkeka, kisha zungusha kama konokono. Upumzike dakika 20. Sukuma taratibu, weka mjazo, kunja nusu, bana kingo kwa uma, oka nyuzi 200 mpaka ziwe na rangi. Rojo halikimbii kama mafuta matupu kwa kuwa unga umelishika. Hazitakuwa kroasanti, na mtu wa Paris akipita Milimani atakuambia hivyo. Zitakuwa na matabaka, zitavunjika zikitafunwa, na utazitoa saa 6 mchana bila kumwonea dada yako wivu.

Mjazo mzuri kwa hizo ni ndizi mbivu sana, zilizokatwa na kukaangwa kidogo na sukari mpaka zishikane. Nanasi pia, ila lipike kwanza mpaka maji yaishe. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na protini ya ngano ndiyo inayoshika unga wako, kwa hiyo unga unalegea kama umechoka. Papai bichi ni hivyo hivyo.

*Nitapaka nini juu badala ya yai ili zing'ae? (Msomaji, Kakamega)*

Maziwa ya soya na sukari kidogo kabla ya kuoka, kwa sababu rangi ya kahawia hutokana na protini na sukari zikikutana na joto. Zikitoka tu, paka strungi nzito, yaani chai isiyo na maziwa, iliyotiwa sukari nyingi. Hiyo ndiyo inayong'arisha. Soya mnalima huko huko, loweka usiku, saga, chuja, kisha chemsha dakika 20 ukiwa umesimama hapo, maana hufura na kumwagika kuliko maziwa ya ng'ombe. Soya isiyochemka vizuri itakuvuruga tumbo.

*Majarini ni vegani? Na asali? (Busia)*

Majarini, soma nyuma ya kopo. Nyingine zina maji ya maziwa au unga wa maziwa ndani yake, nyingine hazina. Asali inatoka kwa nyuki, kwa hiyo hapana. Tumia sukari nguru, ikwangue na uiyeyushe kwa maji kidogo, ina harufu nzuri kuliko asali nyingi za kuuzwa barabarani.

*Naweza kujaza ndengu na kuzilaza mpaka asubuhi? (Ahero)*

Kujaza, ndiyo, zikiwa zimepikwa na kukaushwa na kitunguu, dania na pilipili, bila tui. Kuzilaza mezani kwa joto la Ahero, hapana. Kama una friji, zilaze humo na uzipashe moto kabisa asubuhi. Kama huna, pika ndengu alfajiri na uzijaze hapo hapo kama sambusa. Ila usizilaze ndani ya sufuria iliyofunikwa karibu na jiko, nimekula hizo, na sitaki kukueleza safari yangu ya matatu siku ile.

*Shangazi, binti yangu amerudi likizo kutoka chuoni Maseno na hali kitu chochote cha mnyama. Mama yake analia. Mimi sina neno, ila naogopa atadhoofika. Asubuhi alikuwa anapenda mandazi na chai ya maziwa. (Baba, Bondo)*

Baba, mandazi yako salama, angalia tu kama mama yake huyatia maziwa au yai. Chai, mtengenezee ya soya, iwe na tangawizi nyingi kuficha ile harufu ya maharagwe. Kuhusu kudhoofika, ndengu, maharagwe, njugu na mboga za kienyeji zitambeba sehemu kubwa. Kitu kimoja ambacho mimea haitampa cha kutegemea ni vitamini B12, na hiyo aulize zahanati wampe tembe au wamwelekeze chakula kilichoongezewa. Mwambie mama yake asimfiche samaki ndani ya mboga, binti atagundua, na likizo bado ina wiki nyingi.