Jibu: Ushelisheli inapata wapi fedha za kulinda bahari yake?

Ndugu, umeuliza nchi ya watu laki moja na ushei inamudu vipi kulinda bahari kubwa kiasi kile. Walianzia kwenye deni. Mwaka 2016 sehemu ya deni lao la nje, dola milioni 21 hivi, ilinunuliwa kwa msaada wa shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy. Tangu hapo malipo ya deni hilo yanakwenda kwenye mfuko wa uhifadhi, na sehemu yake hubaki hukohuko visiwani. Kwa upande wao, Washelisheli waliahidi kutenga asilimia 30 ya bahari yao iwe hifadhi. Machi 2020 wakatimiza.

Ila mstari kwenye ramani hauzuii joto. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya visiwa vya ndani yakapauka na kufa. 2016 yakapigwa tena.

Mimi kinachonivutia zaidi ni kisiwa cha Cousin. Kilinunuliwa 1968 kikiwa shamba la minazi, kuokoa aina moja ya ndege wadogo wa kahawia (ukiwaona hutawageukia mara mbili) waliokuwa wamebaki chini ya 30. Minazi ikapunguzwa, miti ya asili ikarudi. Leo ndege hao ni maelfu, na wengine wamehamishiwa visiwa jirani.