Mpangaji hapokei simu na kodi ya miezi minne hajalipa, nimfungie kufuli?

SWALI: Asalaam aleykum sheikh. Mimi ni mjane niko Temeke, marehemu aliniachia vyumba viwili vya kupangisha ndo vinanilisha. Mpangaji mmoja ana miezi minne hajalipa, laki moja na nusu kwa mwezi, simu hapokei, meseji anasoma hajibu, anatoka alfajiri anarudi usiku. Mkataba wa miezi sita umeisha juzi. Mwanangu anasema tumfungie kufuli tuzuie tivii na friji yake, na kila mwezi aliochelewa tuongeze elfu kumi. Inafaa? Au nimsamehe niihesabu zaka?

JIBU: Waaleykum salaam mama yangu. Hiyo laki sita ni haki yako, usione aibu kuidai, wapo watu wakisikia mjane anadai kodi wanamwambia subiri subiri utalipwa akhera, hapana, deni ni deni.

Ila kukaa kwake kimya hakujatuambia kitu. Inawezekana hana, inawezekana anazo anakukwepa, na hukumu zake ni mbalimbali. Asiye nacho Allah amesema apewe muda mpaka apate wepesi, na ukisamehe ni bora kwako (Baqara 280). Mwenye nacho akizungusha Mtume ﷺ amesema hiyo ni dhulma, iko Bukhari na Muslim, na huyo unaruhusiwa kumshitaki na kusema wazi kwamba fulani hanilipi. Sasa mtajuaje? Mtafuteni mkae naye. Mwanao aende baada ya isha au siku asiyoenda kazini, abishe hodi mara tatu, asipojibiwa arudi siku nyingine, asiingie na funguo ya akiba hata kama nyumba ni yenu, maana ndani mle ni sitara ya mtu. Akiendelea kujificha mpitieni mjumbe au serikali ya mtaa, mwende na mkataba na zile meseji.

Ile elfu kumi kumi futeni kabisa, deni likishathibiti halafu ukaliongeza kwa sababu ya kuchelewa hiyo ni riba, na hata mngeiandika kwenye mkataba akasaini bado ni riba.

Kuhusu tivii na friji, najua kuna wanachuoni wa Kishafi wanaoruhusu mwenye haki kuchukua mali ya anayekataa kulipa, wanatumia kisa cha Hind na mumewe Abu Sufyan, ambapo Mtume ﷺ alimruhusu achukue kwenye mali ya mumewe bahili kinachomtosha yeye na watoto, lakini hiyo ni kwa anayekataa na ukakosa njia nyingine, wewe hata kuongea naye bado, na vitu vyenyewe huenda ni vya mkewe au vya kuazima. Kufuli pia hapana, mtoto wake akilala nje usiku dhambi ni yenu na polisi mtaitwa nyinyi.

Nguvu yako iko kwenye mkataba mama. Umeisha, hulazimiki kumuongezea hata siku moja. Mwandikieni notisi mbele ya mjumbe ahame tarehe fulani, na siku anazokaa baada ya mkataba kuisha anadaiwa kodi kama inavyotozwa chumba cha aina hiyo hapo mtaani. Akihama deni linabaki shingoni mwake, aandike atalipaje, hata elfu hamsini hamsini.

Kumpunguzia deni ni ruhusa. Sahaba Kaab bin Malik alimdai mwenzake Ibn Abi Hadrad deni lake msikitini sauti zikapanda mpaka Mtume ﷺ akafunua pazia la chumba chake, akamuashiria Kaab apunguze nusu, alipokubali akamwambia yule mwingine inuka umlipe. Mimi napenda sana ile inuka umlipe, watu wanaisahau.

Zaka sasa. Kufuta deni ukasema ndo zaka yangu, wanachuoni wengi hawakubali, kwa sababu zaka ni kutoa na wewe hujatoa kitu. Kama kweli ni fukara mpe zaka mkononi bila sharti, akitaka kukulipa kwa hela hiyohiyo ni hiari yake. Ila mama kama vyumba hivyo viwili ndo vinakulisha, nina wasiwasi hata wewe mwenyewe zaka haijakuwajibikia, nitumie hesabu ya akiba uliyonayo tuiangalie.

Wallahu aalam.