Upasuaji mara moja au mara mbili? Nilivyopandikiza meno mawili kwa njia mbili

Nina meno mawili ya kupandikizwa mdomoni. La kwanza, gego la chini kushoto, lilimalizwa kwa upasuaji wa hatua moja. La pili liko juu kulia, nyuma tu ya chonge, na hilo nilikatwa fizi mara mbili. Sikuchagua. Nilikaa kwenye kiti tukiwa tumekubaliana hatua moja kama mwanzo, nikainuka fizi imeshonwa na kufungwa kabisa, naambiwa nitarudi baada ya miezi kufunguliwa tena. Nilinuna njia nzima.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Kipandikizi ni skrubu ndogo, mara nyingi ya titani, inayozamishwa kwenye mfupa wa taya ili ishike mahali pa mzizi. Katika hatua mbili, skrubu inazibwa kwa kifuniko bapa, fizi inashonwa juu yake, na yote yanazikwa humo kwa miezi. Mfupa ukishashikana na chuma, daktari anaikata fizi kidogo, anatoa kifuniko kile na kufunga kirefu zaidi kinachochungulia nje, ili fizi ipone ikikizunguka. Katika hatua moja, kifuniko kirefu kinafungwa siku ile ile ya kwanza. Hakuna kukatwa tena.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi, nami nilikuwemo. Hatua moja si kupata jino siku hiyo hiyo. Baada ya gego langu nilikaa miezi mitatu na kitu kama kifungo cha shati kinachong'aa kwenye fizi, bila jino juu yake. Jino la papo kwa papo ni habari nyingine, lina masharti makali zaidi, na ukimuuliza daktari uyatenganishe maswali hayo mawili, la sivyo atakujibu moja wewe ukasikia la pili.

Kwa nini basi watu walianza kuzika skrubu? Ni hofu, na haikuwa hofu ya kijinga. Brånemark, yule Mswidi aliyempandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, alitaka skrubu ikae chini ya fizi, mbali na bakteria na mbali na kutafuna, takriban miezi 3 taya la chini na 6 taya la juu. Baadaye daktari wa meno Schroeder na wenzake kule Uswisi wakaonyesha kwamba hata iliyochomoza juu ya fizi hushikana na mfupa. Leo, kwa mgonjwa mwenye mfupa mzuri, tafiti zilizolinganisha njia hizi hazijaonyesha tofauti kubwa ya mafanikio. Kwa hiyo anayekuambia moja ni ya kisasa na nyingine imepitwa na wakati, anakuuzia kitu.

Kinachoamua ni jinsi skrubu ilivyouma mfupa siku ile inapoingia. Siku ya gego nilisikia mwenyewe: daktari akizungusha kile kispana kidogo, krr, krr, kisha kikakataa kwenda. Akamsomea msaidizi wake namba ya nguvu iliyotumika, akaridhika. Siku ya jino la juu sikusikia kukataa kokote. Kiliendelea kuzunguka kwa ulaini, naye akanyamaza kidogo, na mimi nilijua kimya cha daktari si dalili nzuri. Mfupa wa juu, hasa sehemu za nyuma, huwa na vitundu vingi kama sifongo. Na wangu ulikuwa umepungua upande mmoja, akalazimika kujazia unga wa mfupa na kuufunika kwa utando. Vitu hivyo hutaka kufunikwa na fizi bila mwanya, kwa hiyo mjadala wa hatua moja ukafia hapo hapo.

Sababu ya kuogopa ulaini ni hii. Skrubu ikichezacheza ndani ya mfupa zaidi ya takriban mikromita 150, umbali usiozidi sana unene wa karatasi, mwili hujenga nyama laini kuizunguka badala ya mfupa, na nyama laini haishiki jino. Mbaya zaidi, kile kishiko cha siku ya kwanza hupungua kidogo katika wiki za mwanzo, kwa sababu mfupa uliobanwa unaliwa na mwili kabla mpya haujakomaa. Kifungo kinachochungulia nje wiki hizo kinasukumwa na ulimi, na chakula, na meno ya bandia ya kuvaa na kuvua kama unayo. Mimi nilikuwa nayo upande ule wa juu. Yangekaa juu ya kifungo kutwa nzima. Hata baada ya fizi kushonwa, daktari aliyachonga kwa ndani ili yasiguse kidonda.

Hatua moja nayo ina kazi yake, msidanganyike. Wiki ya tatu nilikuwa nikipiga mswaki, kifungo kikaanguka kwenye sinki, ting! Nilidhani skrubu yote imetoka. Kumbe ni kifuniko tu kilicholegea. Nilikiokota kabla hakijaingia kwenye tundu la maji, nikapiga simu kliniki, nikaambiwa nisingoje, fizi hujifunga haraka. Kesho yake ilikuwa imeshaanza kujibana na daktari alikirudisha huku nimekodoa macho. Ukiwa mtu wa kusafiri sana, au unajijua kwamba hutasafisha sehemu hiyo kwa upole kila siku, lifikirie hilo kabla ya kufurahia kukatwa mara moja tu.

Wanaosaga meno usingizini waseme mapema. Wavutaji sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa pia, ingawa hao hatari yao iko kwenye njia zote mbili, na kuzika skrubu hakuifuti. Dawa za kuimarisha mifupa zitaje hata kama uliziacha miaka iliyopita.

Kwa jino la mbele, linaloonekana ukicheka, mimi nisingeikataa hatua ya pili haraka. Ile siku ya kufungua humpa daktari nafasi ya kuipanga fizi vizuri, kuisogeza pale ilipopungua. Kwa gego ambalo halionekani, na mfupa ni mgumu, sioni haja ya kukatwa tena.

Kama ningerudi nyuma, nisingemuuliza daktari "ipi ni bora?" Ningemuuliza: ukishaanza, utakuta nini kitakachokufanya ubadilishe mpango? Angenieleza habari ya kispana na ya unga wa mfupa nikiwa na akili zangu, badala ya kunieleza mdomo umekufa ganzi. Ningeuliza pia kama gharama ya kufunguliwa mara ya pili imo kwenye bei niliyotajiwa, maana haikuwemo, na hilo ndilo lililoninunisha kuliko kisu chenyewe.

Hatua ya pili yenyewe nilikosa usingizi siku tatu kwa ajili yake. Daktari alikata mlango mdogo kwenye fizi, akafungua kifuniko bapa, akakiweka kwenye sinia. Kidogo kama kichwa cha kiberiti. Akafunga kile kirefu, akagonga taratibu, akasema imeshika. Tangu nilipoketi hadi nilipoinuka hazikufika dakika 20, na nyingi katika hizo tulikuwa tunasubiri ganzi ikolee.